Sentimita moja kwenye uzi na mvua ya kwanza ya Novemba

Nianze na fremu A maana ndo chanzo cha yote yaliyonikuta kwenye vitendo vya masta yangu huko Kigoma. Kwa asiyeijua, unachukua fito mbili unazifunga juu, chini unaziachanisha mita 2, unapitisha fito ya tatu katikati ikae kama herufi A, halafu pale kileleni unaning'iniza timazi. Ya kwetu ilikuwa jiwe la ukubwa wa limau na uzi wa kushonea nyavu niliopewa bure na kijana mmoja kule mwaloni Kibirizi, sijui alinionea huruma au alitaka tu niondoke. Ukiisimamisha mahali na uzi ukapita kwenye alama ya katikati basi miguu yote miwili iko usawa mmoja, unapiga kigingi, unasogea, unapiga kingine, mwisho unapata mstari unaozunguka kilima bila kupanda wala kushuka. Hiyo ndo kontua, na hapo ndo unachimba mtaro wa kukinga maji. Haitaki betri wala intaneti, gharama yake misumari mitatu.

Masta niliyokuwa nasoma ni ya usanifu wa mandhari, ule wa kujali mazingira na maji na udongo, na nyumbani Kigoma hakuna aliyewahi kunielewa. Mjomba alikuwa anawaambia watu "anasomea maua" nikaacha kubishana. Mwaka wa kwanza wote tulikuwa Dar darasani, tunachora bustani za hoteli kwenye kompyuta, unabofya tu mwembe unatokea umeshakomaa na kivuli chake, hakuna mbuzi, hakuna mchwa. Mwaka wa pili ndo vitendo, unapewa saiti yenye mteja wa kweli, unapima, unasanifu, unajenga hata kipande kwa mikono yako, ndo unaandika tasnifu. Supavaiza wangu alipenda sana kututolea mfano wa chuo kimoja kidogo Marekani, jimbo la Massachusetts, kinaitwa Conway School, kilianzishwa mwaka 1972 na msanifu mandhari Walter Cudnohufsky, huko masta nzima ni miezi 10 na mwanafunzi anashika kazi za wateja halisi ndani ya hiyo miezi 10. "Nyinyi mna mitatu," akasema, akacheka. Mi sikucheka maana sikujua anacheka nini.

Miezi yetu mitatu ilikuwa Julai mpaka Septemba. Anayeijua Kigoma ameshaelewa tatizo liko wapi, mi niliyezaliwa huku sikulielewa. Julai mpaka Septemba ni kiangazi kikavu, kilima ni vumbi tupu na moshi wa kuchoma majani, mvua inaanza kunyemelea mwisho wa Oktoba. Yaani mnakwenda kusoma tabia ya maji wakati maji hayapo.

Saiti yangu ilikuwa shule moja ya msingi upande wa milimani juu ya mji, ukisimama uwanjani unaliona Ziwa Tanganyika lote limelala pale chini na milima ya Kongo kwa mbali kama anga halina vumbi. Madarasa yako katika mabanda matatu, uwanja wa mstarini, mwembe mmoja mkubwa, na chini ya uwanja korongo. Lile korongo ndo lilinileta. Lilikuwa limeshakula njia ya watoto na sasa linaufuata uwanja wenyewe, udongo wa pale ni mwekundu wenye mchanga mwingi, ukiushika ukiwa mkavu unapita kwenye vidole kama sukari. Niliuweka kwenye chupa ya maji na kuutikisa, nikauacha usiku kucha, asubuhi zaidi ya nusu ya chupa ni mchanga umelala chini na juu yake kijifinyanzi chembamba. Udongo wa hivyo ukishachanika haujishoni.

Kipimo kingine nilichofanya na ambacho mpaka leo nakifanya kila ninapokwenda ni cha kopo. Kopo la rangi la lita 4, unalikata kitako, unaligonga liingie ardhini kidogo, unamimina maji unaanza kuhesabu muda kwenye simu. Chini ya mwembe maji yalizama kabla sijamaliza kuandika namba. Pale mstarini, ambapo watoto mamia wanakanyaga kila asubuhi, nusu saa nzima maji hayajashuka hata nusu kidole, nikakaa kwenye tofali nayaangalia yananiangalia. Ni ardhi ileile, hatua thelathini kutoka ya kwanza.

Na hapa nikagundua kitu ambacho hakuna mhadhara ulinigusia. Fagio. Kila asubuhi watoto wanafagia, wanafagia uwanja wote, wanafagia chini ya miti, wanafagia mpaka ardhi inang'aa na michirizi ya fagio inaonekana kama imechorwa. Sisi wote tumelelewa hivyo, uwanja safi ni uwanja mtupu. Jani likidondoka ni uchafu. Nikamwambia mwalimu mkuu tungeacha majani yabaki chini ili maji yazame na udongo usipigwe na matone, akaniangalia kwa upole sana akasema, "Mwalimu," (alikuwa ananiita mwalimu) "mkaguzi akija akakuta majani, wewe utakuwa Dar, mimi nitakuwa hapa." Halafu na nyoka, akaongeza. Hoja zote mbili ni za kweli, sikuwa na jibu.

Jibu alilitoa mtoto wa darasa la sita bila kujua. Nilikuwa nimekaa nao wakati wa kazi za mikono wanapaka mawe chokaa, yale mawe meupe ya kuzungushia bustani ya ofisi, kila shule Tanzania inayo. Mmoja akauliza sasa ndani ya haya mawe nifagie? Mwenzie akamjibu, ndani hakufagiwi, kule ni bustani. Basi ikawa imeisha. Tukazungushia mawe ya chokaa chini ya mwembe duara kubwa, tukazungushia na ukingo wote wa juu ya korongo, ndani yake majani yakaachwa yaoze na hakuna aliyeita uchafu tena. Baadaye nikaja kukuta Mmarekani mmoja, Joan Nassauer, aliandika mwaka 1995 jambo hilohilo, kwamba vurugu ya asili uiwekee fremu nadhifu ndo watu wataikubali. Nilicheka peke yangu laibrari. Nadharia nzima iko kwenye ndoo ya chokaa ya shule ya msingi.

Sasa mtaro. Tulikuwa wanafunzi watatu wa masta na vijana sita tuliowalipa kwa siku, tukapanga mtaro mmoja wa mita 40 juu ya korongo na tuta lake kwa chini, tupande vetiva, yale majani ya mizizi mirefu ya kushika udongo, juu ya tuta. Fito za fremu tulikata siku ileile, mikaratusi mibichi, kosa la kwanza. Fremu ikishafungwa lazima uisahihishe, unapiga vigingi viwili, unasimamisha, unaweka alama uzi ulipopita kwenye fito ya katikati, halafu unaigeuza, mguu wa kulia unakaa ulipokuwa wa kushoto, unaweka alama ya pili, katikati ya alama hizo mbili ndo usawa wa kweli. Hilo tulilifanya vizuri kabisa siku ya kwanza saa tatu asubuhi, nina picha. Kisha fremu ikalala nje siku nne kwenye jua la Agosti wakati tunatafuta majembe na sururu, fito zikakauka, zikajipinda, msumari mmoja ukalegea. Hakuna aliyekumbuka kusahihisha tena. Alama ilikuwepo, imechorwa kwa kalamu nyekundu, nani aitilie shaka alama nyekundu.

Kosa la pili ni dogo zaidi na ndo linaniuma. Ukiwa unatembea na fremu unatakiwa uizungushe kama bikari, mguu wa nyuma unakuja kuwa wa mbele, hivyo hata kama ina kosa, hatua hii inakosea juu na inayofuata inakosea chini, vinafutana. Sisi tulikuwa tunaibeba mzimamzima na kuisogeza, mguu uleule mbele kila mara, kwa sababu ilikuwa nzito na kijana mmoja alisema hivi ni haraka. Ilikuwa haraka kweli. Tulimaliza mita 40 kabla ya chai.

Tukachimba siku tisa. Malengelenge, vidole havikunji, usiku nakula ugali wa muhogo na migebuka kwa mkono wa kushoto mama ananisuta. Mi nilikuwa nimechora mitaro mingi sana kwenye kompyuta na sikuwahi kujua mtaro wa nusu mita kwenda chini na nusu mita upana ni udongo kiasi gani, mita 40 zake ni mita za ujazo 10, na kila koleo unalinyanyua wewe. Tangu hapo nikichora mstari kwenye karatasi mgongo unanikumbusha.

Mwisho wa Septemba muda ukaisha. Tukapiga picha za mtaro, tukapiga za kwetu tumesimama kwenye mtaro, wenzangu wakapanda basi. Ripoti zao walishaandika "mtaro umekamilika na unafanya kazi". Nisiseme uongo kwamba mi nilibaki kwa ajili ya sayansi, nilibaki kwa sababu mdogo wangu alikuwa anaolewa mwezi wa kumi na moja na nauli ya kwenda na kurudi mara mbili sikuwa nayo.

Mvua ya kwanza ya maana ilipiga usiku, wiki ya kwanza ya Novemba. Nilikuwa nimeacha kopo la maziwa lililonyooka juu ya ukuta wa nyumbani, asubuhi nikapima na rula, milimita 48. Nikavaa gambuti za mjomba nikapanda shuleni nikiwa na furaha kabisa, nikategemea kuona mtaro umejaa maji yametulia kama kwenye vitabu.

Nikamkuta mama maandazi. Ana kibanda chake nje ya geti upande wa chini, au tuseme alikuwa nacho, kwa sababu benchi lilikuwa limesombwa, jiko limejaa tope jekundu, na yeye amesimama na kanga kichwani anaangalia. Shikamoo mama. Marahaba. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mwanangu, miaka yote maji yalikuwa yanapita kule. Mwaka huu yamekuja huku." Hakunifokea. Afadhali angefoka.

Mtaro wangu haukuwa umekinga maji, ulikuwa umeyakusanya. Kilima kizima kilimwaga ndani yake, maji yakatembea kufuata mtaro mpaka upande wa kusini, yakajaa pale, yakapanda juu ya tuta na kulipasua kwa pengo la kama mita mbili, yakashuka yote kwa pamoja mahali ambapo hayajawahi kupita. Nikaenda kuazima mpira wa maji kwa fundi wa ujenzi, ule mpira mwangavu wanaotumia kupata usawa wa msingi, tukapima mwanzo wa mtaro na mwisho. Tofauti sentimita 33. Nikaifuata ile fremu nyuma ya stoo, nikaisahihisha upya, alama nyekundu ilikuwa imekosea sentimita moja. Moja tu. Kwa fremu ya kwetu sentimita moja kwenye uzi ni karibu sentimita moja na nusu na ushee chini kwenye miguu, na kwa hatua ishirini za mita mbilimbili bila kugeuza, piga hesabu mwenyewe.

Mama maandazi nikamlipa benchi na jiko na mfuko wa unga kutoka pesa ya harusi, mdogo wangu mpaka leo anajua gauni la kitchen pati lilipungua urembo kwa sababu gani.

Ila kilichobadilisha kazi yote siyo fremu, ni babu mlinzi. Mzee yule tangu Julai alikuwa anatuangalia tu, tunampita na mavifaa yetu, shikamoo babu, marahaba, basi. Nami sikuwahi kumuuliza chochote. Siku ile ya pengo nikakaa naye kibarazani mvua ya pili ikaanza, akanyoosha fimbo. Hakuionyesha kule korongoni, aliielekeza juu, kwenye bati. "Mnachimba chini, maji yanazaliwa pale." Mabanda matatu ya madarasa hayakuwa na gata hata moja. Maji yanadondoka mstari mmoja ulionyooka, chini yake ardhi imeshachimbika kijifereji, vijifereji vitatu vinakutana kwenye kona ya banda la mwisho na kuanzia pale ni mkondo mmoja mpaka korongoni. Alikuwa ameweka jiwe bapa pale konani mwaka fulani, lilishazama.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kila banda ni mita 30 kwa 8, mita za mraba 240, matatu ni 720. Mvua ya milimita 48 inatoa lita 34,560, ukitoa kidogo inayorukia pembeni bado ni karibu malori ya maji matatu yanamwagwa kwenye kona moja usiku mmoja. Na ramani yangu ya saiti, ile nzuri ya rangi, mabati niliyachora kijivu nikayaandika "majengo", basi. Nilikuwa nimepima mteremko, udongo, miti, upepo, mahali pa vivuli saa nane mchana. Majengo hayakunihusu, ni ya wasanifu majengo.

Tukaanza upya, safari hii na kamati ya shule na babu ndani yake. Pesa ilikuwepo ya gata za banda moja na tanki moja la lita 5,000, kila mtu akafurahi akidhani tatizo limeisha, nikalazimika kuwaharibia furaha maana tanki hilo kwa banda moja linajaa mvua ikifika milimita 21 tu, mvua ya Novemba inalijaza kabla watu hawajafunga madirisha. Kwa hiyo swali la maana likawa likishajaa linamwaga wapi. Tukachimba shimo pana lisilo refu, tukazungushia migomba, maji ya ziada yanaingia humo. Kwa mabanda mengine mawili tukapanga mawe kwenye vile vijifereji, kila hatua chache kizuizi kifupi cha magoti, maji yapumzike. Mtaro tukausahihisha kwa mpira wa maji na sio fremu (fremu babu aliifanya kuni), na kwenye tuta tukaacha midomo miwili ya kutolea maji ya ziada, tumeijengea mawe, maji yakizidi yatoke pale tulipochagua sisi. Huo mdomo ndo mchoro wangu wa kwanza haukuwa nao. Nilisanifu kana kwamba maji hayatazidi.

Vetiva tulipanda vishina kwa umbali wa kiganja, ukiacha mapengo maji yanapita katikati na kuanza kijikorongo kipya. Watu waliogopa itasambaa kama magugu, lakini ile inayopandwa kukinga udongo haitoi mbegu za kuota, inabaki pale ulipoiweka na mizizi inashuka mita mbili, tatu. Miche ya miti ya kivuli kwa kweli nusu ililiwa na mbuzi na vigingi vyake vikaliwa na mchwa. Kilichofaulu ni visiki vya zamani nyuma ya vyoo ambavyo hatukuvipanda, tulivipunguzia machipukizi tu tukaacha moja moja lenye nguvu, sasa ni miti.

Kwenye kuitetea tasnifu nilionyesha picha ya pengo. Mjumbe mmoja wa jopo aliuliza mchoro wa mwisho wa rangi uko wapi, ule wenye watu wanatembea na maputo. Nikasema sina, nina wa mvua. Mwingine akauliza swali la maana, kwamba ningeondoka Septemba kama wenzangu ningeandika nini. Nikajibu ningeandika umekamilika na unafanya kazi. Walinipitisha na marekebisho. Katika mapendekezo niliandika kwamba fildi ihamie Oktoba mpaka Januari, mi naona hata kama tungelazimika kulala kwenye madarasa yanayovuja, mwanafunzi wa mandhari ambaye hajaona mvua ikipita kwenye kazi yake amechora tu, hata kama ana malengelenge. Kalenda haijabadilika. Wanaokuja sasa wananipigia simu Julai, nawaambia msitumie mikaratusi mibichi, mwulizeni mlinzi, na kama kuna namna yoyote mrudi Novemba kwa nauli zenu. Wawili walirudi.

Shuleni nilipita tena mwaka huu wakati wa masika. Korongo halijajaa, sitadanganya, ila limeacha kupanda, kingo zake zimelala na majani yameota mpaka chini. Mama maandazi amehamisha kibanda mita kumi juu, anasema sio kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya kivuli, na ameng'oa vishina vya vetiva kwenye tuta langu amepeleka kwake Ujiji. Tanki halina koki, imeibiwa, wameziba na kijiti kilichoviringishwa mfuko wa nailoni, kinadondosha tone tone, na pale chini pameanza kuchimbika kidogo. Nilimwambia mwalimu mkuu nitaleta koki wiki ijayo. Huu ni mwezi wa pili tangu niseme hivyo.